Vidonge vya Saa Moja

Daktari alitaja namba moja tu: kumi. Damu ya mama ikifika kumi, atampasua na kuutoa uvimbe uliojibanza kwenye utumbo. Ikiwa chini ya hapo hamgusi, maana mgonjwa mwenye damu saba akilazwa juu ya ile meza anaweza asiamke. Damu ya kuongezewa ilikuwa adimu, na ile kidogo iliyopatikana walipewa waliojifungua na waliogongwa barabarani. "Mniletee akiwa na damu yake mwenyewe," alisema, akaandika vidonge vya madini ya chuma, kimoja kila siku, akaita mgonjwa mwingine.

Mama alikuwa na saba nukta sita.

Basi kila siku, saa moja kasorobo asubuhi, binti yake wa kwanza alikuwa ameshafika jikoni, ametundika mkoba nyuma ya mlango na kubandika maji ya chai. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake hata siku za Jumapili. Nyumbani walimwita Mkubwa. Si kwa umbo, maana alikuwa mwembamba kama uzi wake, bali kwa kuwa alimtangulia mdogo wake kwa miaka sita na hakuwahi kumruhusu asahau jambo hilo. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa mtaa wa pili, na wateja walianza kugonga saa mbili. Kwa hiyo saa moja kamili ndiyo iliyokuwa saa yake. Alitaka kuona kidonge kikiingia mdomoni kwa macho yake mawili, kwa sababu mama, jamani, alikuwa na tabia ya kuficha dawa chini ya sahani na kusema nitameza baadaye, na hiyo baadaye haikufika ng'o.

Saa moja kamili ilikuwa pia saa ya mtu mwingine. Ikifika tu, simu ya mama iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari ililia.

"Shikamoo mama. Umeshaamka? Kidonge changu kiko wapi?"

Huyo ni Kitinda, mtoto wa mwisho, karani wa mapokezi kwa daktari wa meno upande wa pili wa mji. Mwaka uliotangulia mama aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na Kitinda, ambaye kutwa alisikia habari za meno na mifupa, akamletea makopo ya kalsiamu. Kila kidonge kilikuwa kinene na cheupe kama kipande cha chaki. Naye alitaka uhakika. Hakuweza kuona, basi alitaka kusikia: glasi ikigonga meno, koo likishusha, na mama akisema "tayari".

Mama aliweka simu kwenye sauti kubwa. Kiganja kimoja kilibeba kile kidonge chekundu cha Mkubwa, na pembeni yake kile cheupe cha Kitinda.

"Haya, wanangu," alisema, "nawameza nyote wawili, mrudi tumboni nilikowatoa, labda huko mtatulia."

Akavitupia mdomoni kwa pamoja, akavisindikiza na chai ya maziwa, nzito, kama alivyoipenda. Hakuwa mtu wa kuharakisha. Alikunywa funda moja, akasimulia ndoto yake, akanywa funda la pili, akalalamika juu ya paka wa jirani, na kazi ya dakika moja ikachukua dakika tano. Muda wote huo Mkubwa alisimama kando ya jiko akiwa amefunga mdomo kama aliyeshika pini kwa meno. Kitinda alijua dada yake yuko pale. Dada mtu alijua kwamba anajulikana yuko pale. Hawakusalimiana, hata kwa salamu ya kuazima.

Walikuwa hawasemeshani mwaka wa tatu sasa. Baba yao alishikwa na kifua mchana mmoja baada ya kula. Mkubwa, aliyekuwa naye, alidhani ni gesi, akampa maji ya moto na kumwambia ajilaze. Kitinda alipiga simu akasema, mpelekeni hospitali sasa hivi, msisubiri. Mkubwa akasema tusimchoshe mzee kwa jambo dogo. Jua halijazama, mzee akawa amekata roho. Na mazishini, mbele ya watu waliojaa uani, Kitinda akapasuka: "Ungenisikiliza, leo tusingekuwa hapa!" Mkubwa naye hakuwa na ulimi wa pamba. "Na wewe ulikuwa wapi? Kwenye simu! Baba alifia mikononi mwa nani?" Tangu siku hiyo wakawa kisu na kidonda. Kitinda alikuja kumwona mama Jumapili mchana, na Jumapili mchana Mkubwa alihakikisha ana nguo za kwenda kupeleka.

Mama hakuchagua upande. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa posta, kazi yake kupima vifurushi, na alizoea kusema mizani haina mpwa wala shangazi. Hivyo ndivyo alivyowalea hao wawili. Mkate ukiwa mmoja, mmoja anakata na mwenzake anachagua kwanza. Gauni likishonwa, kitambaa kimoja, vifungo vilevile. Akimpakata huyu, aliyebaki anaitwa aje agande kwenye mgongo. Na sasa uzeeni, wanawe walipoleta kila mmoja kidonge chake, mama hakuona njia nyingine ila kuvimeza kwa pamoja, asiwepo wa kwanza wala wa pili.

Baada ya mwezi walipima. Saba nukta nane.

"Si haba," daktari alisema. "Endeleeni."

Mwezi wa pili ikawa saba nukta tisa, na daktari hakusema si haba. Wa tatu ikarudi saba nukta saba. Viganja vya mama vilikuwa vimepauka. Kutoka kitandani hadi jikoni alipumzika mara mbili, akishika ukuta na kujifanya anakagua rangi. Mkubwa alianza kuhesabu vidonge kwenye pakiti. Vilikuwa sawasawa, siku kwa siku. Akapekua chini ya godoro. Akapekua kwenye vyungu vya maua. Siku moja alifika mbali zaidi.

"Mama, fungua mdomo nione."

"Ebo!" Mama alimtazama kutoka juu hadi chini. "Mimi ndiye niliyekufungua wewe mdomo nikikupa dawa ya minyoo, ukaning'ata kidole. Leo unikague mimi?"

"Sasa damu inakwenda wapi?"

"Iulize. Labda ina safari zake."

Mama alicheka, Mkubwa hakucheka. Aliogopa. Alilala na ile namba kumi, aliamka nayo, alishona nayo pindo za sketi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mume alishaondoka zamani, mtoto hakujaliwa, na duniani alikuwa na mtu mmoja wa kumwita mama. Akifa huyu, nitabaki na nani? Swali hilo lilimjia katikati ya mshono, na mara mbili sindano ilimchoma.

Na hofu ikikosa pa kwenda, humtafuta mtu wa kumlaumu. Asubuhi moja, simu ilipokatwa, Mkubwa aliokota kopo la kalsiamu akalitikisa.

"Achana na haya machaki yake. Tangu uanze kuyala hujawahi kupata nafuu."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma popote. Najua tu. Yule kila anachogusa kinaharibika."

Mama aliweka kikombe chini taratibu. "Huu mkono nilivunjika mimi, na aliyeujali ni yeye. Nikiacha vyake, naacha na vyako. Chagua."

Mkubwa alirudisha kopo mahali pake. Alikuwa amesema kweli bila kujua, tena kwa nia mbaya, na kweli ya namna hiyo hakuna anayeisikiliza. Kitinda naye hakuwa malaika. Kesho yake, akijua fika nani yuko jikoni, alisema kwenye simu kwa sauti ya juu, "Mama, hivyo vidonge vya hospitali una hakika ni vizima? Au kuna mtu anakukatia nusu?" Mkubwa alipiga mfuniko wa sufuria juu ya jiko, mlio ukafika hadi kwa daktari wa meno. Mama alifumba macho. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe ndizo hizo, zimekaa kwenye kiti cha jikoni na chai yao ya maziwa.

Mwezi wa nne daktari alitaka familia yote ije. Ndugu wawili wakajikuta kwenye benchi moja, mama katikati, mkoba wa mmoja upande huu na mwavuli wa mwingine upande ule. Damu ilikuwa saba nukta tano. Chini kuliko walipoanzia.

"Uvimbe unavuja damu kidogo kidogo, hilo tunalijua," daktari alisema, akigeuza kalamu. "Lakini dawa ingekuwa inafanya kazi, tungeona tofauti. Nendeni dirishani kwa mfamasia, mkaelezane naye vizuri mnavyotumia."

Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kwa kamba, nusu ya biskuti iko juu ya daftari. Alimsalimia mama kwa heshima, akamvutia kiti, kisha akauliza swali ambalo kwa miezi minne hakuna aliyeliuliza.

"Unameza saa ngapi, mama, na unameza pamoja na nini?"

"Saa moja kamili asubuhi," mama alijibu, na alijibu kwa fahari. "Sijakosa hata siku moja. Cha huyu na cha huyu, kwa pamoja, na chai ya maziwa."

"Cha huyu ni kipi?"

"Cha damu."

"Na cha huyu?"

"Cha mifupa. Kalsiamu."

Mfamasia aliweka kalamu chini. Akavaa miwani, akawatazama mabinti mmoja baada ya mwingine, si kwa ukali, na hilo ndilo lililowatisha.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Chuma na kalsiamu vinapita mlango mmoja kwenye utumbo. Vikifika pamoja, kalsiamu inaziba njia na chuma kinabaki nje. Chai nayo inakikamata, maziwa nayo ni kalsiamu tena. Mama amekuwa akimeza dawa nzuri kila siku, na sehemu kubwa imekuwa ikipita tu, inatoka kama ilivyoingia."

Kwenye foleni nyuma yao mtu alikohoa.

"Chuma ni asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Mkipata chungwa, bora zaidi, linakisaidia kuingia. Chai isubiri saa moja au mbili. Kalsiamu iende jioni, baada ya chakula. Vipeane nafasi vizuri, saa mbili au zaidi. Tumbo likimsumbua, mniambie, tutapanga upya. Hamkuambiwa?"

"Hatukuambiwa," Mkubwa alisema.

"Hatukuambiwa," Kitinda alisema.

Walisema kwa wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu wakatazamana usoni. Mama alikuwa akitazama sakafu. Mkubwa aliona lile bega la mama lililoinama akadhani ni uchovu.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta wakisubiri gari, Kitinda ndiye aliyeanza. Alisema akiutazama mwavuli wake.

"Asubuhi chukua wewe. Mimi nitapiga jioni, saa kumi na mbili."

"Sawa."

"Machungwa nitaleta Jumapili."

"Yapo sokoni karibu na kwangu. Nitanunua." Mkubwa alihamishia mkoba bega la pili. "Lakini ukipata matamu, lete."

Nusu ya hayo ilikuwa salamu. Siku ya pili, saa kumi na moja na nusu jioni, simu ya Mkubwa ilitetema juu ya meza ya kukatia kitambaa. Ujumbe ulikuwa na maneno matatu: *Amekula saa ngapi?* Mkubwa akaandika: *Saa saba. Chai saa tisa.* Huo ukawa mtindo wao. Asubuhi mmoja aliandika, *Amemeza saa moja na dakika tano, chungwa nusu.* Jioni mwingine aliandika, *Amemeza, amekula ndizi na wali kidogo.* Baada ya wiki tatu ukaja ujumbe usiohusu dawa: *Leo mteja kamng'ata daktari.* Mkubwa alicheka peke yake katikati ya sare za shule, hadi mwanafunzi aliyekuwa akipimwa suruali akashangaa. Hawakumwambia mama kwamba wanaandikiana. Kila mmoja aliona haya kidogo, kama watu waliotangaza vita kwa mbiu na sasa wanataka kumaliza kimyakimya.

Na damu ikapanda! Nane nukta nne. Wiki nne nyingine, tisa nukta tatu. Midomo ya mama ilianza kurudi rangi, akafika jikoni bila kukagua ukuta. Lakini hakuwa na furaha, na Mkubwa hakumwelewa. Ilipofika saa moja, mama alimeza kidonge chekundu kwa maji, mara moja, kama mtu anayelipia nauli. Hapakuwa na ndoto wala paka wa jirani. Akameza akaitazama simu iliyonyamaza kando ya kopo la sukari.

"Mbona huongei, mama?"

"Niongee na nani?"

"Na mimi si nipo?"

"Upo, mwanangu," mama alisema. "Upo."

Mwezi wa saba tangu siku ya kwanza, mashine ilisoma kumi nukta moja. Mkubwa alimkumbatia mpimaji wa maabara, mtu asiyemjua hata kwa sura. Alimpigia Kitinda, akampigia kwa sauti, si kwa ujumbe, na alichoweza kusema ni "kumi! kumi!" na mdogo wake akapiga yowe mapokezi, wagonjwa wa meno wakashika mashavu yao.

Wiki iliyofuata walimpasua. Daktari alisema itachukua saa tatu. Baada ya dakika arobaini alitoka, bado amevaa kofia ya kijani, akawaita kando. Mtu aliyetoka mapema kiasi kile hakuja na habari njema, na wote wawili walijua kabla hajafungua mdomo. Uvimbe ulikuwa umetoka nje ya utumbo. Ulikuwa umeshika ini. Hakukuwa na cha kutoa, basi waliangalia, wakashona.

"Tungefungua mapema?" Kitinda aliuliza. "Ile miezi minne. Tungefungua mapema, ungetoka?"

Daktari alivua kofia. "Sijui," alisema. "Huenda. Huenda hata wakati ule ulikuwa umeshafika. Atakayewaambia anajua, anawadanganya."

Angesema ndiyo, wangelia. Angesema hapana, wangelia vilevile na wakapona siku moja. Lile "sijui" lilikuwa jiwe la kubeba maisha yote.

Walimrudisha mama nyumbani. Kitinda alichukua likizo, akaja na begi, na ndugu wawili wakatandika godoro moja chini, pembeni ya kitanda. Vidonge vyote vilisimamishwa isipokuwa vya maumivu. Siku ya nne, mchana, Mkubwa alikuwa akimpaka mama mafuta miguuni, Kitinda anakunja shuka. Ghafla Kitinda akaiacha shuka ikaanguka.

"Ni vidonge vyangu," alisema. "Mama, mimi ndiye niliyekuua. Nilimsema dada mbele ya watu kwa ajili ya baba, na mimi nimekulisha sumu kila asubuhi kwa simu."

Mkubwa aliendelea kupaka mafuta. Hapa lazima niseme ukweli wake, maana hakuna aliyejua ila yeye: kulikuwa na sehemu ndogo moyoni mwake iliyosubiri maneno hayo kwa miaka mitatu. Ilikuwa zamu yake sasa. Alikuwa na jibu tayari, limekaa kwenye ulimi. Alimtazama mdogo wake, pua inamchuruzika, mikono imening'inia kama mtoto aliyevunja chombo, na lile jibu likamwozea mdomoni.

"Chai nilipika mimi," Mkubwa alisema. "Kwa mkono wangu. Na maziwa nilitia mimi. Usijitwike peke yako."

"Hamjui mnachosema nyote wawili," mama alisema.

Walidhani amelala. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Niliambiwa. Siku ya kwanza kabisa. Mkubwa ulikuwa umetoka kutafuta gari, muuguzi akanipa pakiti akasema, mama, usichanganye na kalsiamu, wala chai ya maziwa, utapoteza dawa. Nilimsikia vizuri. Miaka thelathini watu walinitajia majina ya miji kupitia kijidirisha, na sikupeleka kifurushi hata kimoja mahali pasipo pake. Nitashindwa kusikia hilo?"

Mkubwa alibaki na mafuta kiganjani. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mama! Kwa nini sasa? Ungeniambia nije mchana, ningekuja. Ungeniambia nije kwa magoti, ningekuja!"

"Najua ungekuja. Ungekuja wewe, halafu baadaye angepiga yeye." Alipumzika. "Saa moja asubuhi mlikuwa wote humu ndani. Wewe umesimama kwenye jiko unajifanya huna masikio. Huyu yuko kwenye simu anajifanya hajui kama upo. Lakini mlikuwepo. Nilikuwa nasikia pumzi za wanangu wawili kwa pamoja. Dakika tano. Siku nzima sikuwa na nyingine. Na muuguzi ananiambia nizigawe."

"Ungetuambia tupatane," Kitinda alisema huku akilia.

"Sikuwaambia? Mwaka wa kwanza wote niliimba wimbo gani?" Mama alijaribu kucheka, maumivu yakamkataza. "Nikasema, leo tu, kesho nitavitenga. Kesho nayo nikasema leo tu. Nilidhani mtapatana kabla damu haijaisha. Nilikosea vipimo."

Mkubwa alilia kama ambavyo hakumlilia baba yake, kichwa juu ya miguu ya mama, mafuta yakimpaka usoni. Kitinda akapiga magoti upande wa pili. Mama aliweka mkono mmoja kwenye kichwa cha huyu na mmoja kwenye kichwa cha huyu, kwa uzito sawa.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Alifariki saa nne asubuhi, mabinti wote wawili wakiwa chumbani.

Mazishini walisimama pamoja, wameshikana mikono tangu mwanzo hadi mwisho, maana kila mmoja aliogopa kuanguka. Watu waliwatazama wakasifu. Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma, asiyejua lolote, alimnong'oneza mwenzake: waone wale mabinti wanavyopendana, kweli marehemu alilea. Mkubwa aliisikia sifa ile. Ilimchoma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa, akaukaza mkono wa mdogo wake, akaendelea kusimama.